Nguo za watoto na vipimo vya usalama Marekani: ninavyomudu nikiwa fundi mdogo

Nashona nguo za watoto za kitenge na pamba na kuziuza Marekani, ambako bidhaa yoyote iliyokusudiwa hasa mtoto wa miaka 12 au chini inabanwa na CPSIA, sheria ya mwaka 2008 ya kuboresha usalama wa bidhaa za walaji. Mafundi wengi wakisikia neno maabara wanakata tamaa. Mimi gauni nalichambua kwanza: kitambaa, uzi, lastiki, kifungo, zipu, chapa (picha au maandishi yaliyochapwa juu ya nguo). Kila kimoja kina kanuni yake, na vingi havifiki maabara.

Tuanze na madini ya risasi. Kikomo ni sehemu 100 kwa milioni. Nguo na uzi, vilivyotiwa rangi na visivyotiwa, tume ya usalama wa bidhaa za walaji (CPSC) ilishavisamehe upimaji huo. Chapa haikusamehewa, na hapa ndipo pa kuwa makini. Kwangua kwa ukucha. Rangi ya kitenge imezama ndani ya uzi, haibanduki, kwa hiyo inahesabiwa kuwa sehemu ya kitambaa. Ile chapa nene ya fulana inayotoka magamba inachukuliwa kama rangi ya kupaka: kikomo chake ni 90 kwa milioni, na lazima ipimwe na maabara inayotambuliwa na CPSC hata ukishona vipande kumi tu. Ndiyo maana mapambo yangu yote natarizi.

Kwenye vifungo, vile vya mbao, vifuu, mfupa au kombe, visivyopakwa kitu, vimesamehewa. Vya chuma vya kubonyeza vilivyopakwa rangi vina gharama, maana rangi ya juu ina kipimo chake na chuma cha ndani kina chake. Muuzaji akikupa ripoti ya maabara unaruhusiwa kuitumia, lakini isome vizuri. Ripoti ya kifungo chekundu haikusaidii kwa cha njano, na ripoti isiyotaja toleo la mzigo ulioununua ni karatasi tu.

Kwa upande wa kuwaka moto, kanuni ni 16 CFR 1610 (CFR ni mkusanyo wa kanuni za serikali kuu ya Marekani). Kitambaa laini kisicho na manyoya chenye gramu 88.2 au zaidi kwa mita ya mraba hakipimwi. Nakifua kitenge kwanza kutoa wanga, kwa sababu wanga unaongeza uzito, nakipiga pasi, nakata mraba wa sentimita 10 kwa 10, naupima kwenye mzani unaosoma sehemu ya mia ya gramu, kisha nazidisha kwa 100. Mzani wa jikoni haufai. Flaneli na taulo za pamba hazina msamaha huo hata ziwe nzito kiasi gani, kwa kuwa moto hukimbia juu ya manyoya.

Nguo za kulalia ni habari nyingine kabisa. Juu ya saizi ya miezi 9 hadi saizi 14, vazi la kulalia lazima lihimili mwali wa sekunde 3, na pamba ya kawaida haihimili. Njia ya fundi mdogo ni kushona la kubana mwili kwa vipimo vilivyowekwa na sheria pamoja na lebo zake. Msiwauzie watu gauni pana la pamba kwa jina la “nguo ya nyumbani” huku mkilipiga picha kitandani. CPSC huangalia pia vazi lilivyo na linavyotangazwa. Mtoto anaungua, jamani, na pamba pana inashika haraka.

Koti na sweta za saizi 2T (ya mtoto wa miaka 2 hivi) hadi 12 zisiwe na kamba ya kuvuta kwenye kofia wala shingoni. Tia lastiki.

Sasa unafuu wenyewe. Kama mapato yako ya bidhaa mwaka uliopita hayakuzidi dola milioni 1 (kiwango hupandishwa kufuata mfumuko wa bei) na bidhaa ya aina moja haikuzidi vipande 7,500, jiandikishe CPSC kama mtengenezaji wa kiasi kidogo, kila mwaka upya. Hapo vipimo vya moto na vya risasi iliyo ndani ya malighafi huvipeleki maabara ya nje. Kikomo chenyewe kinabaki palepale, na rangi ya kupaka haimo kwenye unafuu huu.

Cheti cha bidhaa ya mtoto bado unakitoa: jina la bidhaa, kila kanuni inayoihusu, jina lako na anayetunza kumbukumbu, tarehe na mahali iliposhonwa na ilipopimwa, na namba yako ya usajili wa kiasi kidogo pale ambapo jina la maabara lingekaa. Ukishonesha Dar au Mombasa, anayekitoa ni mwagizaji aliyeko Marekani.

Ndani ya mshono wa ubavuni nashonea lebo ya kudumu yenye jina, mji, mwezi na namba ya toleo. Namba hiyohiyo iko kwenye daftari, nimebana kipande cha kitambaa, kifungo kimoja na risiti zake, na daftari linatunzwa miaka 5. Nikibadilisha kifungo tu, namba ya toleo inabadilika pia.