Vile nimefaulu kuwafanya wazee wa reli waongee

Tangu nistaafu ualimu, Jumamosi zangu nyingi ziko pale makumbusho ya reli Nairobi, najitolea tu, hakuna mshahara wala marupurupu, na watu wa nyumbani walishaacha kuniuliza nitarudi saa ngapi. Baba yangu alikuwa fayamani, yule mtu wa kuangalia moto wa injini ya mvuke, sisi tumezaliwa Muthurwa kwa nyumba za reli, kwa hivyo zile injini mimi nazihesabu kama watu wa ukoo.

Wageni wakiingia wengi hukimbilia lile behewa ambalo simba aliingia akamtoa Ryall, yule afisa wa polisi, kule Kima mwaka wa 1900. Sawa, nawaonyesha, hadithi ni tamu. Lakini kinachoninyima usingizi ni kingine, hawa waliozifanyia kazi hizi injini wanatuacha mmoja mmoja na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Vitabu vitakwambia zile injini za klasi 59 zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester na Beyer, Peacock miaka ya 1955 na 1956, kila moja ina tani 250 na kitu, na ilivuta mzigo wa tani 1,200 kutoka Mombasa ikipanda huku bara. Haya. Sasa fayamani aliuangaliaje moto wa hiyo kitu usiku kucha? Hapo ndipo unahitaji mwenyewe.

Na mzee usimwambie "tueleze historia yako". Atakujibu "tulifanya kazi tu" na imeisha hapo. Mpe kitu ashike.

Kuna mmoja amepita miaka 80, anakaa Makadara, mtu wa maneno machache kabisa. Nikaongea na mjukuu wake amlete, tukampandisha pole pole kwa Mount Gelai, ile injini ya klasi 59 namba 5918 iliyo hapa makumbusho, mjukuu amemshika kiuno. Kufika juu hakutuangalia hata, akasogea upande wa fayamani, mkono ukaenda kwa valvu ya mafuta, akainama kuchungulia kile kitundu cha kuangalia moto. Halafu akaanza. Akasema hizi hazikuchoma makaa bwana, zilichoma mafuta mazito, na fayamani alikuwa anasoma moshi, ukiwa mweusi umezidisha mafuta, ukipotea kabisa umezidisha hewa, unautafuta ule wa kijivu mwembamba na unaushikilia hapo kilima chote. Na masizi yakijaa kwa mirija ya boila unarusha mchanga kidogo kwa moto, dereva anafungua mvuke kwa nguvu, ule upepo unauvuta mchanga kupitia mirija unakwangua kila kitu na kutoka juu kwa bomba ni wingu jeusi tii, "na kama kuna mama ameanika nguo karibu na reli, mwalimu, hapo tulitukanwa mpaka wazazi wetu." Akaendelea na mambo ya zamu, timu moja kwa injini na nyingine imelala kwa behewa lao humo humo kwa treni, manake Nairobi mpaka Mombasa ni kama kilomita 530, na akaeleza nani alipika na sufuria ilifungwaje isimwagike kwa kona. Kwa kweli nilikuwa naskia baba.

Aliyekuwa anarekodi ni huyo huyo mjukuu, na simu yake. Hiyo mimi hupanga makusudi, mzee anamwongelea mjukuu vizuri kuliko kamera ya mtu asiyemjua.

Picha nazo nawawekea wawili pamoja, hakuna kinachonoga kama ubishi wao. Mmoja anasema hii ni Voi, mwenzake anaruka ati Voi gani, hii ni Makindu, na kabla wamalize kubishana nimepata majina ya watu wote waliosimama hapo na cheo cha kila mmoja. Naandika nyuma ya picha kwa penseli laini, kalamu ya wino hupenya ikaharibu uso. Vidio naziandika usiku huo huo nikiwa bado nakumbuka, na mzee akihamia Kikamba au Kijaluo simkatizi, nitatafuta wa kunitafsiria baadaye. Nauli yake na ya anayemleta, chai, mandazi, hizo zinatoka kwa pensheni yangu na sioni hasara hata kidogo.

Kwa hivyo kama kwenu kuna mzee alifanya reli, dereva, fita, gadi, karani, hata aliyepika kwa behewa la chakula, mleteni. Mje asubuhi kabla jua halijapasha vyuma, na mkuje na zile picha na vitambulisho vya kazi vilivyofichwa kwa sanduku, hatubaki nazo, tunazipiga picha hapo hapo mnarudi nazo nyumbani.