Nilivyopima kama kuanza upya na namba 1 huongeza mauzo ya katuni

Wasomaji wa vitabu vya katuni vya Marekani hubishana sana kuhusu tabia ya wachapishaji kukatisha mfululizo na kuuanza tena kwa toleo namba 1, na kila upande huwa na mfano wake. Niliamua kulipima jambo hilo kwa takwimu za Diamond, msambazaji ambaye kwa miaka mingi, hadi 2020, ndiye aliyepeleka katuni za wachapishaji wakubwa Marvel na DC katika maduka maalumu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa takwimu zenyewe. Diamond haikutangaza idadi ya nakala, bali iliipa Batman alama 100 na kuzipima katuni nyingine kwa kuzilinganisha nayo. Batman yenyewe ilipoanzishwa upya mwaka 2011 na 2016, kipimo kilibadilika pamoja nayo, kiasi kwamba katuni isiyopoteza hata nakala moja ingeweza kuonekana imeporomoka. Nikaziacha alama na kutumia makadirio ya nakala ya Comichron, tovuti inayokusanya takwimu za mauzo ya katuni.

Hata hayo yanahesabu nakala zilizoagizwa na wenye maduka, ambazo kwa kawaida hazirudishwi, wala si zile zilizofika mikononi mwa wasomaji. Mwenye duka huagiza toleo namba 1 kwa wingi ili apate jalada adimu linalotolewa kwa waagizaji wakubwa, na wapo wakusanyaji wanaonunua nakala kadhaa za toleo hilo hilo. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilipita nakala milioni 8 ikiwa na majalada tofauti matano. Kwa hiyo niliyatupa kando matoleo ya mwanzo. Kwa kuwa karibu kila mfululizo hupungua kidogo kidogo kila mwezi, sikuuliza kama maagizo yalipanda, bali kama mwaka mmoja baadaye yalikuwa juu ya pale ambapo mteremko wa zamani ungeyafikisha.

Kwa kipimo hicho, mfano ulionifundisha zaidi ni wa DC mwaka 2011, ilipoanzisha katuni 52 kwa mkupuo. Batman ya Scott Snyder na Greg Capullo iliendelea kwa miaka kadhaa kuagizwa kwa zaidi ya nakala 100,000, ilhali nyingine sita zilifutwa zilipofika toleo namba 8. Zote zilianza kwa namba ile ile na kwa kampeni ile ile, kwa hiyo naona namba 1 hununua miezi michache tu ya kusikilizwa. Kinachofuata ni kazi ya mwandishi na mchoraji.

DC yenyewe ilirudi kwa kiasi fulani kwenye namba za zamani. Katuni yake ya Detective Comics, iliyokatishwa ikiwa namba 881 na kuanza upya mwaka 2011, ilihesabiwa pia matoleo yake 52 yaliyotoka tangu hapo na mwaka 2016 ikaendelea na namba 934, hivyo mwaka 2019 ikauza namba 1000 kama tukio kubwa.