Pijo Mbili na Jumapili Moja

Baba alikuwa na gari la Pijo (Peugeot) 404, mjomba alikuwa na 504, wakibishana lipi bora, na mimi, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyekuwa hakimu wao. Mwanzoni mwa miaka ya 80 tulitoka Tanga kwenda harusini Lushoto.

Kupanda kutoka Mombo nilikaa kwa Baba. 404 ilikuwa na mapezi ya samaki nyuma, gia kwenye usukani, na injini iliyolazwa ubavu kama mtu aliyejinyoosha mkekani. Kila kona alinikumbusha kwamba Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda nayo mbio za magari za Safari 1966, akarudia 1967.

Tulipofika, mjomba akadakia: "Muulize shemeji, 1975 alishinda nani?" Alishinda Ove Andersson, akiendesha 504.

"Na 1978 tena 504!"

"Ile ya milango miwili, injini ya V6, silinda sita," Baba akajibu. "Siyo hiyo yako, shemeji."

Jumapili, kurudi, nikahamia kwa mjomba. Siku zile mafuta yalikuwa ya shida, na magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Nasi, kwa kuagana kusikokwisha, tuliondoka saa tano.

Springi za 504 zilikuwa za kubembeleza. Mashimo ambayo 404 iliyahesabia mgongoni mwangu, hii iliyameza kimya. Ila kwenye kona za kushuka Usambara, ulaini ule ukageuka ngalawa kwenye mawimbi. Hatujafika Mombo, nikatapika pilau yote ya harusi kwenye kiti cha nyuma.

Mjomba akasugua kiti, muda ukienda. Alipomaliza, 404 ikagoma kuwaka kwa lile joto la bondeni. Baba akatoa hendeli, akazungusha mpaka shati likalowa, mjomba akimhesabia kwa sauti: "Kumi na tatu, shemeji!" Ya kumi na nne ikawaka.

Saa nane ilitukuta kabla ya Muheza. Askari akatazama saa yake, akatuonyesha mwembe. Pijo zote mbili zikalala pale, ubavu kwa ubavu.

Usiku Mama akaniuliza nalala gari gani. Baba na mjomba wakanyamaza. Nikaingia 404.

Baba alitambia hukumu ile miaka na miaka. Mjomba hajaikubali hadi leo: anasema gari lake lilikuwa linanuka pilau.