Chupa ya Mbu Wasiotakiwa

Mwaka 2007 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, mfukoni sina hata ya vocha. Shemeji akaniunganishia kibarua cha siku moja: kuvua viluwiluwi vya mbu kule Bahi, Dodoma. Nilidhani ananitania.

Mvua za msimu ule zilikuwa zimepitiliza. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoshika na watu, ilikuwa imeshaingia, na hakuna mkoa nchini ulioumizwa nayo kama Dodoma. Nyama choma ilidoda mjini. Hata walevi sugu walihamia kwa kuku.

Aliyetuongoza alikuwa mzee mfupi, mpole, ambaye watu wa vijiji vile walimwita Bwana Mbu. Alimpa kila mmoja upawa mweupe wa plastiki na chupa, na maelezo ya neno na nusu: "Nileteeni wa malaria."

Mimi nikajiona mjanja wa mjini. Mbu wako wapi kama si penye uchafu? Nikazunguka nyuma ya kilabu cha pombe, palipokuwa na shimo la maji meusi yanayonuka. Upawa mmoja tu ukatoka na viluwiluwi visivyo na hesabu, vinarukaruka kama mchele jikoni. Chupa ikajaa upesi. Nikanunua karanga, nikakaa kivulini nikiwatazama wenzangu walioinama juani.

Bwana Mbu alipokuja, aliimimina chupa yangu kwenye sinia jeupe, akanyamaza kidogo.

"Mdogo wangu, hebu angalia walivyokaa."

Walikuwa wananing'inia kichwa chini, kila mmoja amechomoza kijibomba mkiani kuvuta hewa.

"Hawa ni kuleksi. Watakunyima usingizi, na huko Pwani wanaeneza matende, lakini malaria hawana. Wa malaria ni anofelesi. Kiluwiluwi chake hakina bomba, kinalala usawa wa maji kama kijiti. Na maji yako haya ya kilabu hayataki."

Wenzangu walicheka mpaka karanga zangu zikaisha. Walikuwa wanazila wao.

Akanichukua tukaenda majarubani. Akanionyesha mpunga mchanga, maji yanapigwa na jua: hapo, alisema, ndipo anapopenda Anopheles arabiensis, ndugu wa gambiae, anofelesi mwingine wa malaria, ila huyu anavumilia ukame wetu huu. Ukimweka pembeni ya gambiae huwezi kuwatofautisha kwa macho, mpaka maabara. Mpunga ukirefuka ukatia kivuli, anakaribia mwingine, funestus, ambaye anataka maji ya kudumu yenye majani. Nilichota mara ishirini nikapata vitatu. Mgongo ulinijulisha kwa nini wenzangu walikuwa wamenuna.

Vingi tulivikuta kando ya lambo la kunyweshea mifugo. Si lamboni kwenyewe, bali kwenye nyayo za ng'ombe pembeni, vidimbwi vya kujaa viganja viwili. Tukiwa tumechuchumaa hapo, mzee mmoja mfugaji akatusimamia na fimbo yake.

"Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo. Tukaitikia. "Mnatafuta nini kwenye nyayo za ng'ombe wangu?"

Bwana Mbu akamwonyesha vijiti vinavyoelea. Mzee akainama, akacheka. Maji hayo, akasema, wiki ijayo hayapo.

"Nao wanajua, mzee. Siku nane, siku kumi, wameshaota mabawa."

Akamweleza kwamba mbu huyu hanyonyi watu tu, na ng'ombe pia ni chakula chake. Mzee akauliza kama basi akilala zizini atapona malaria. "Wengine watashiba kwa ng'ombe," Bwana Mbu akajibu, "wengine watakupitia."

Ndipo mzee akasema mbuzi wake karibu wote walikuwa wametupa mimba mwaka ule, na akataka kujua kama ni kazi ya mdudu huyuhuyu. Bwana Mbu hakufanya haraka kujibu. Akamwambia wa Bonde la Ufa wanaanza na kabila jingine, aedesi wa mbugani. Mayai yao hukaa ndani ya udongo mkavu hata miaka, mengine yakiwa na virusi tayari tangu kwa mama, yakingoja mvua kubwa ifurike. Hayafi kwa jua.

Mzee aliutazama udongo chini ya katambuga zake. Akakanyaga kidogo, kama anayeupima. Kisha akawaita ng'ombe wake wakaondoka.

Tulirudi mjini usiku. Chupa yangu ya pili ilikuwa na viluwiluwi kumi na saba. Ujira nikalipwa sawa na wenzangu, jambo ambalo mmoja wao hakulisahau. Nilipowasha taa chumbani, mbu alikuwa ametua ukutani juu ya kitanda. Nikasogea kumsoma. Anofelesi hutua ameinua makalio. Huyu alikuwa amelaza mwili sambamba na ukuta. Kuleksi, basi. Nikampiga kandambili vilevile.