Malango ya Mawingu: Kupanda Olympos Kuanzia Dion

Wengi wanaopanda Mlima Olympos wa Ugiriki huanzia Litochoro, mji mdogo uliokaa mdomoni mwa korongo. Mimi nilianzia chini zaidi, Dion, kilometa chache kaskazini, karibu na usawa wa bahari, kwa kuwa Wamakedonia wa kale nao walianzia hapo. Zeus, mfalme wa miungu ya Wagiriki, aliishi kileleni, lakini ng'ombe wake wa kafara walichinjwa huku bondeni. Hata jina Dion limetokana na jina lake. Mwishoni mwa karne ya 5 KK mfalme Archelaos alianzisha hapa michezo ya kumheshimu Zeus na Mousai, mabinti zake tisa wa nyimbo na kumbukumbu. Mwaka 334 KK, kabla ya kuvuka kwenda Asia, Alexander Mkuu naye alikuja kutoa kafara.

Kinachoshangaza kwenye magofu ya Dion ni maji. Chemchemi zinabubujika kila upande, na hekalu la Isis, mungu wa kike wa Misri aliyehamia hadi huku, limesimama kwenye kidimbwi chenye vyura na matete. Pausanias, Mgiriki aliyezunguka nchi yake katika karne ya 2 BK akiandika kila alichokiona, anasimulia habari za mto wa hapa. Unatiririka kutoka juu, unapotea ardhini, kisha unaibuka mbele ukiwa na jina jingine, Baphyras. Watu wa Dion walimpa sababu: wanawake waliomuua Orpheus, mwimbaji mashuhuri, walitaka kunawa damu mtoni, mto ukakataa kuwa maji ya kuwasafishia mauaji, ukazama.

Kisa hicho ni cha kuwekwa akilini wakati wa kufunga begi. Olympos ni mlima wa mawe ya chokaa, na mvua na theluji iliyoyeyuka hupenya nyufa zake ikaja kutokea huku chini. Ndiyo maana Dion kuna maji ya kumwaga, ilhali ukipita mita 2,100 hupati hata tone. Wanaokwama juu kwa kiu ni wale walioona mlima una theluji na mito, wakadhani maji watayakuta mbele.

Kutoka Thessaloniki, panda basi hadi Katerini, kisha jingine hadi Litochoro. Hapo usafiri wa umma unakomea. Barabara ya kwenda Prionia, mwanzo wa njia kuu, ni kilometa 18, na ni teksi au miguu yako. Kwa miguu unapita korongo la Enipeas, mwendo wa saa tano hadi sita wa kupanda na kushuka kwenye madaraja ya mbao, na karibu na mwisho unakutana na magofu ya monasteri ya Mtakatifu Dionysios, iliyolipuliwa na Wajerumani mwaka 1943. Korongo ni zuri, lakini linachosha magoti kabla ya kazi yenyewe. Mwenye siku mbili tu achukue teksi.

Aliyezoea taratibu za Kilimanjaro atajikuta anatafuta geti. Hakuna geti, hakuna kiingilio, na hakuna anayekulazimisha kuwa na mwongozaji wala wagumu wa kubeba mizigo. Uhuru huo ndio unaowaponza wengi. Mzigo wangu ulikuwa huu: maji lita 3, koti la mvua, sweta nene, glavu, tochi ya kichwani, helmeti, shuka la kulalia na pesa taslimu. Kamba sikubeba. Helmeti usiiache hata kama umeshawahi kupanda mara kumi, kwa kuwa jiwe linaloshuka halijali uzoefu.

Prionia iko mita 1,100. Kuna chemchemi, na hapo ndipo pa mwisho pa kujaza chupa kabla ya kibanda cha kulala wapandaji. Njia inapanda kwa kona kwenye msitu wa miti ya majani mapana, baadaye inaingia kwenye misonobari, na kadiri unavyopanda ndivyo misonobari inavyozidi kuwa mifupi na minene, mingine imepasuliwa na radi kutoka juu hadi chini. Kilometa kama sita, mita 1,000 za kwenda juu, saa mbili na nusu hadi tatu. Njiani unawapisha nyumbu, si wale wa Serengeti, ni hawa waliozaliwa na punda na farasi, wanaopeleka gesi, unga na mikebe kibandani. Wapishe ukiwa upande wa ndani wa njia, ule wa mlimani. Ukisimama upande wa bonde, mzigo uliotokeza unaweza kukusukuma nje.

Kibanda cha Spilios Agapitos, mita 2,100, ni nyumba ya mawe yenye vitanda zaidi ya 100, na hufunguliwa katikati ya Mei hadi mwisho wa Oktoba. Nafasi lazima iwekwe mapema. Viatu unaviacha mlangoni, unavaa kandambili za kibanda. Supu ya maharage inaliwa mapema na saa nne usiku taa zinazimwa.

Jioni hiyo, ukiwa umekaa barazani, ndipo masimulizi ya Hesiod yanapokaa mahali pake. Hesiod alikuwa mshairi na mchungaji wa Boiotia, kama karne ya 8 au 7 KK. Aliyekua na "Hapo mwanzo Mungu aliumba" atamtafuta muumba katika utenzi wake asimwone. Hakuna aliyeumba, kila kitu kinazaliwa. Kwanza ilitokea Khaos, neno ambalo leo watu hulifasiri kuwa fujo, ingawa kwa Hesiod ni mwanya, ufa mtupu uliofunuka. Kisha Gaia, ardhi. Tartaros, shimo lililo chini ya ardhi. Na Eros, hamu ya kuzaa, ambayo bila yeye hadithi ingekomea hapo. Gaia peke yake, bila mume, akamzaa Ouranos, mbingu, akaizaa milima, akaizaa bahari. Baadaye akalala na Ouranos wakazaa Watitani 12, na mdogo wao akawa Kronos. Kronos ndiye baba yake Zeus. Ukihesabu undugu kama tunavyouhesabu sisi, mlima ni ndugu yake Ouranos, kwa hiyo Zeus amejenga mgongoni mwa babu yake.

Yaliyofuata ni ugomvi wa nyumbani. Ouranos aliwazuia watoto wasitoke tumboni mwa mama yao. Gaia akampa Kronos mundu, Kronos akamkata baba yake uume. Kronos naye akawa anawameza wanawe: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon. Wa sita, Zeus, alifichwa kisiwani Krete, na baba akapewa jiwe lililofungwa nguo za mtoto, akalimeza. Zeus alipokua, Kronos aliwatapika wote, jiwe likitangulia. Vita ikapiganwa miaka kumi, Watitani wakiwa Mlima Othrys, miungu vijana wakiwa hapa. Baada ya ushindi, kwa maelezo ya Homer, mshairi wa kale wa tenzi za *Iliad* na *Odyssey*, ndugu watatu walipiga kura: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades giza la kuzimu. Ardhi na Olympos havikugawiwa, vikabaki mali ya wote. Ndiyo sababu Hades huwa haingizwi kwenye orodha ya miungu wakuu 12 wa Olympos: haki anayo, ila makazi yake yako chini.

Siku ya kilele nilitoka kibandani saa 11 alfajiri. Njia inaacha miti, inakata mteremko mpana wa kokoto zinazorudi nyuma kila ukikanyaga. Siri yake ni hatua fupi, mguu mzima chini, bila haraka. Saa mbili na nusu baadaye nilikuwa Skala, mita 2,882. Majina ya hapa yanajieleza. Skala ni ngazi. Mbele yake Kakoskala, ngazi mbaya. Mytikas, kilele kikuu, mita 2,918, ni pua. Stefani, mita 2,909, ni taji, na ndio huo wanaouita Kiti cha Zeus. Kazania, lile shimo la upande wa magharibi, ni masufuria.

Na masufuria yalikuwa yanachemka. Ukungu mweupe ulikuwa unapanda kutoka chini ukutani, polepole, ukafika ukingo wa Skala, ukamwagika upande wetu. Katika dakika kumi Mytikas haukuwepo tena.

Homer anasema katika *Iliad* kwamba malango ya mbinguni yanalindwa na Horai, mabinti wa majira, na kazi yao ni kuliondoa au kulirudisha wingu zito. Tafsiri nyingi hulipita jambo hilo kama pambo. Pale Skala nililiona kuwa ratiba. Bahari ya Aegean iko umbali wa kilometa chini ya 20. Jua likichomoza, hewa yenye unyevu inaanza kupanda mteremko, na inapoa karibu nyuzi 0.65 kila mita 100. Ufukweni kukiwa na nyuzi 30, kileleni ni 11 au 12 kabla hujaongeza upepo. Unyevu unageuka wingu. Kiangazi lango hufungwa mara nyingi kati ya saa tatu na saa sita mchana, na alasiri huja radi. Zeus anaitwa "mkusanya mawingu" na "mrusha radi", na majina hayo mawili yamepangika kama siku yenyewe ya Agosti inavyopangika. Mshairi huyohuyo, katika *Odyssey*, anadai Olympos haupati upepo, mvua wala theluji. Huo ni mlima wa ndotoni. Wa kweli una theluji kwenye mifereji yake hadi Juni.

Ukungu huohuo uliwahi kuwadanganya waliofika wa kwanza. Tarehe 2 Agosti 1913, Waswisi wawili, Frédéric Boissonnas na Daniel Baud-Bovy, walipanda na Christos Kakkalos, mwindaji wa Litochoro. Wakiwa ndani ya wingu walifika kwenye ncha wakadhani wamemaliza. Wingu likafunguka, wakaona nyingine ndefu zaidi mbele yao, ikabidi waanze tena.

Kwenda Kakoskala ndani ya ukungu ni kosa. Alama nyekundu zilizopakwa mwambani huoni ya pili kutoka ya kwanza, na ukizipoteza unaingia kwenye mifereji ya mawe malegevu yasiyokuwa na njia. Nikageuka kushoto kwenda Skolio, mita 2,911, dakika 20 za kutembea tu, mikono mfukoni. Kusini mwake kuna Agios Antonios, ambako mwaka 1961 yalipatikana mabaki ya kafara, vigae na sarafu. Kwa hiyo wapo waliokuwa wakipanda na sadaka zao, ila hawakuchagua ncha ya mwamba ya Mytikas. Walichagua kilele cha mviringo, kinachofikika na mnyama. Niliona wamepima vizuri.

Nililala usiku wa pili Agapitos, nikaondoka saa tisa na nusu usiku. Saa 12 kasorobo nilikuwa Skala, anga tupu. Kusini ilionekana Ossa, mita 1,978, na mbali zaidi Pelion, takriban 1,600. Milima hii ndiyo ambayo Otos na Ephialtes, majitu mapacha wa hadithi, walitaka kuirundika: Ossa juu ya Olympos, Pelion juu ya Ossa, wapate kuingia mbinguni. Jumla ni kama mita 6,500. Wangeizidi Kilimanjaro kwa mita 600 hivi, lakini mungu Apollo aliwaua kabla hawajaota ndevu.

Kakoskala inaanza kwa kushuka, na hapo ndipo wengi hugeuka. Shuka ukiutazama mwamba, si bonde. Shimo la Kazania liko kushoto kwako, kwa hiyo mwili uwe kulia. Sheria ni pointi tatu: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vimeshika kabla ya kuhamisha cha nne. Kila kishikio kigonge kwanza na kiganja. Kikitoa sauti ya mtungi mtupu, kiache. Ukiangusha jiwe, piga kelele hata kama huoni mtu chini. Njia nyingine ya kufika Mytikas ni mfereji wa Louki, na ubaya wake mkubwa ni huohuo: kila jiwe linalosukumwa na mtu wa juu linapita palepale ulipo wewe.

Dakika 50 zikanifikisha. Juu pana bendera ya Ugiriki ya bati na sanduku la chuma lenye daftari la wageni. Nafasi ni ya watu wachache sana, na wakija zaidi mnapokezana. Kutoka hapa Stefani uko karibu, mwamba uliosimama wima kama ubao. Homer anamfanya Zeus ajigambe mbele ya miungu wote: teremsheni kamba ya dhahabu kutoka mbinguni, vuteni nyote, hamtanitoa, nikivuta mimi nitawapandisha pamoja na ardhi na bahari, kisha nitaifunga kamba kwenye pembe ya Olympos vining'inie hewani. Ukitafuta mahali pa kufungia kamba hiyo, ni pale.

Nilianza kurudi saa moja na nusu. Saa tatu, nikiwa chini ya Skala, nilipishana na kundi lililokuwa ndiyo kwanza linapanda, chupa za nusu lita mkononi. Nyuma yangu Kazania ilikuwa imeanza. Saa saba na dakika kumi, nikifunga begi kibandani, ngurumo ya kwanza ilipiga upande wa Stefani. Nyumbu waliofungwa uani waliinua masikio, wakarudi kwenye majani yao.