Nilivyoipanga upya White Sox baada ya vipigo 121

Ijumaa ya tarehe 27 Septemba 2024, timu ya besiboli ya Chicago White Sox walifungwa 4-1 na Tigers kule Detroit. Kilikuwa kipigo cha 121 katika msimu wa mechi 162. Tangu mwaka 1962 rekodi hiyo ya aibu ilikuwa ya Mets ya New York, vipigo 120, na sasa ilikuwa imehamia kwetu.

Kesho yake alfajiri nilimfuata Mzee kwake. Naendesha basi dogo linalopeleka wagonjwa kusafishwa damu, na yeye ni abiria wangu wa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa South Side, upande wa kusini wa Chicago, wa mwaka 1949. Neno "Mzee" nilimfundisha mimi, maana ulimi wangu ulikataa kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu kama wafanyavyo wenzangu kazini, naye amelipenda. Alikuwa na miaka 10 White Sox walipotwaa ubingwa wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli, mwaka 1959, ving'ora vya jiji vikalia usiku hadi wengine wakadhani vita imefika. Besiboli yote ninayoijua nimeijulia kwake, redio ya basi ikiwa wazi, yeye akieleza na mimi nikishika usukani.

Asubuhi ile hakuniambia niwashe redio. Nikaanza kusema mwenyewe: ningekuwa na madaraka ningemuuza huyu, ningemleta yule. Akanisikiliza hadi tukakaribia hospitali, akasema, "Kijana, maneno unayo. Niletee mpango. Ulioandikwa."

Basi nikaufanya. Ulinichukua miezi miwili na nusu, usiku kwa usiku baada ya zamu, na nautolea maelezo hapa kwa sababu kuna wenzetu wengi wanaopenda usajili lakini hawajawahi kuuona ukifanywa kwa sheria za namna hii.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimeiona Coastal Union ikishuka daraja na kupanda tena, kwa hiyo kitu cha kwanza kilichonisumbua ni kwamba kule hakuna kushuka. Timu inayoshika mkia inabaki palepale, mwakani inaanza na sifuri kama wengine. Hilo linaonekana kama rehema, lakini ndilo linalomruhusu kiongozi kusema tuvumilie miaka mitatu ya vipigo. Pili, huendi sokoni na begi la dola ukamchukua nyota wa timu nyingine. Unatoa wachezaji, unapokea wachezaji. Tatu, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote, mchezaji chipukizi ni mali ya klabu kwa misimu sita tangu apande ligi kuu. Mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000. Mitatu inayofuata mshahara unapanda kwa usuluhishi, yaani yeye na klabu wakishindwana msuluhishi anaamua. Baada ya hapo yuko huru, anaenda anakotaka.

Nilipoielewa sheria hiyo nikabandua kalenda kubwa ya ukutani, ile tunayopewa dukani mwisho wa mwaka, nikaigeuza upande mweupe. Kushoto majina, juu miaka kuanzia 2025 hadi 2030. Kwa penseli nyekundu nikajaza visanduku vya miaka ambayo klabu ingali na haki juu ya kila mchezaji. Kazi ya kijinga ukiitazama, rula na penseli tu juu ya meza ya jikoni, lakini ilipofika saa nane usiku karatasi ikanionyesha kitu ambacho takwimu zote nilizosoma hazikunionyesha. Wachezaji wazuri wa sasa nyekundu yao ilikatika 2026 au 2027. Vijana wa kutumainiwa, Colson Montgomery, Noah Schultz, Hagen Smith, nyekundu yao ilikuwa bado haijaanza, na hata ningewaharakisha vipi wasingekomaa kabla ya wale wakubwa kuondoka. Makundi mawili katika timu moja, na hayakutani uwanjani.

Hapo nikajua Garrett Crochet lazima aondoke. Iliniuma. Katika msimu ule wa giza yeye ndiye aliyekuwa anatufanya tuwashe redio. Mrushaji wa mkono wa kushoto, miaka 25, aliyefanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2022, mwaka 2024 akaanzishwa kwa mara ya kwanza na akawatoa wapigaji 209 kwa straiki tatu, yaani mirusho mitatu waliyoshindwa kuipiga. Lakini visanduku vyake vilikuwa viwili tu. Katika miaka hiyo miwili timu isingekuwa popote, kisha angeondoka na sisi tubaki mikono mitupu. Tena mkono wa mrushaji ni kitu cha kuogopa: leo mzima, kesho umekatika, na thamani yake inakwenda nao. Nikaandika: auzwe Desemba, asisubiriwe Julai.

Nilipomsomea Mzee sehemu hiyo ndani ya basi alinyamaza, kisha akasema, "Hiyo tumeshaiona."

Alikuwa anazungumzia Desemba 2016. White Sox walimuuza Chris Sale, mrushaji wa kushoto naye, kwa Boston, wakapata vijana wakiongozwa na Yoán Moncada na Michael Kopech. Tuliahidiwa miaka ya neema. Wakaingia mtoano 2020 na 2021, mara zote mbili wakatolewa mapema, halafu nyumba ikaanguka. Kopech aliuzwa Julai 2024. Na Moncada, ndani ya miezi ileile niliyokuwa nachora kalenda, klabu ilichagua kumlipa dola milioni 5 aondoke kuliko milioni 25 abaki. "Niambie," Mzee akasema, "kwa nini safari hii iwe tofauti."

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani na swali lake, na kama kuna kitu kilichoufanya mpango wangu uwe mpango, ni swali hilo.

Nikachunguza waliobomoa wakafanikiwa. Baltimore walipoteza mechi 115 mwaka 2018 na 110 mwaka 2021. Mwaka 2023 wakashinda 101. Houston walifungwa zaidi ya mara 100 kwa misimu mitatu mfululizo, 2011 hadi 2013, wakatwaa ubingwa 2017. Nilivyowasoma, hawakuishia kwenye kukusanya nyota watano. Walijenga kiwanda cha nyuma, makocha wa ligi ndogo wanakokuzwa chipukizi, watu wa video na vipimo, wasaka vipaji wa nchi za Karibi, hivi kwamba mmoja akiumia wa pili yuko tayari. White Sox ya 2020 ilikuwa na nyota, lakini nyuma yao palikuwa patupu. Wakaumia, na hakuna aliyejaza nafasi. Hiyo ndiyo hukumu yangu na bado naisimamia. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mpango nikauandika upya: kabla ya jina lolote la mchezaji, fedha iliyookolewa kwa Moncada iende kwa makocha wa chini na vifaa vyao.

Pili nikaamua tutamuuza Crochet kwa nini. Msimu wa 2024 timu ilipata mikimbio 507, ndizo pointi za besiboli, kidogo kuliko timu zote 30. Ilhali Dylan Cease alipouzwa San Diego mwezi Machi, walichokipata kilikuwa zaidi ni warushaji, na mkubwa wao, Drew Thorpe, kufikia Septemba alishapasuliwa kiwiko. Nikaandika kwa herufi kubwa: TUPEWE WAPIGAJI, NA MMOJA WAO AWE MDAKAJI. Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuongoza kila mpira unaorushwa. Ukimpata kijana wa kushika nafasi hiyo miaka sita, warushaji wako wote wanakua naye. Mteja niliyemtaja mimi ni Baltimore.

Kuna mahali nilikosea vibaya. Nilijenga robo nzima ya mpango juu ya drafti ya 2025, ambapo klabu huchagua kwa zamu vijana wapya, nikiamini timu mbovu kuliko zote ingekuwa na nafasi kubwa ya kuchagua wa kwanza. Wiki mbili baadaye, nikisoma kanuni mstari kwa mstari, nikakuta kwamba klabu ya soko kubwa, isiyopokea mgawo wa mapato, haiwezi kuingia kwenye bahati nasibu ya chaguo za juu miaka miwili mfululizo. White Sox walishachagua wa tano mwaka 2024. Kwa hiyo vipigo 121 vilitupa chaguo la kumi, basi. Nilikaa na hasira siku nzima. Nikafuta robo ile yote, na tangu hapo nikajiwekea utaratibu: kanuni kwanza, ndoto baadaye.

Mzee naye alinirekebisha mara mbili. Nilitaka Luis Robert, mpigaji wetu, auzwe palepale. Akaniuliza alicheza mechi ngapi. 100, nikasema, tena akipiga .224, yaani mapigo mazuri 224 kwa kila majaribio 1,000. "Mwaka 2023 alipiga hom rani 38. Unamuuza mtu siku aliyolala kitandani?" Hom rani ni mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja. Nikambakiza. Na nilikuwa nimemwandika Colson Montgomery kwa penseli hafifu kama nyongeza ya kumshawishi mnunuzi, kwa kuwa alipiga .214 kule Charlotte, ligi ndogo. "Ana miaka 22," Mzee akasema. "Mwache."

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kujaza mapengo: wakongwe wa mkataba wa mwaka mmoja, wa bei nafuu, wanaoweza kuuzwa Julai wakifanya vizuri. Drafti ya Desemba ya wachezaji walioachwa nje ya orodha za watu 40 ambao klabu zao zinawalinda niliipa mstari mmoja mtupu. Niliona haina maana.

Tarehe 11 Desemba, mkutano wa majira ya baridi wa viongozi wa klabu ukiwa Dallas, habari ikatoka: Crochet kwenda Boston. Walipokewa Kyle Teel, mdakaji. Braden Montgomery, mpigaji wa uwanja wa nje. Chase Meidroth wa uwanja wa ndani. Na mrushaji mmoja, Wikelman González. Nilisimamisha basi pembeni nikaisoma mara ya pili. Timu niliikosa, lakini umbo la biashara lilikuwa lile nililoliandika. Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi. Nilimpa Mzee karatasi na simu, moja kila mkono, akalinganisha kimya kimya. "Boston tena," akasema. Kisha akagusa neno mdakaji kwa kidole.

Mstari wangu mtupu ndio ulioniadhibu zaidi. Katika drafti ile ya Desemba White Sox walimchukua Shane Smith kutoka Milwaukee, kwa ada ya dola 100,000, na Julai 2025 alikuwa kwenye timu ya nyota. Montgomery wa .214 alipandishwa Julai na kupiga hom rani 21 katika mechi 71. Crochet, kule Boston, alisaini dola milioni 170 kwa miaka sita na kuongoza American League kwa kuwatoa wapigaji 255, na kila aliporusha tulimsikiliza. Sioni aibu kusema kwamba siku nyingine nilitamani ningekuwa sikuliandika lile neno "auzwe".

Timu ilimaliza msimu wa 2025 na ushindi 60 na vipigo 102. Ilikuwa mbovu bado. Lakini Teel alipiga .273 tangu alipopanda Juni, na ukisikiliza Agosti ulikuwa unasikia timu inayocheza.

Novemba nilichukua kalenda nyingine, nikaigeuza, nikachora upya. Safari hii nilikuja nayo basini ikiwa haijajazwa, nikampa Mzee penseli nyekundu wakati tunasubiri mlango wa hospitali ufunguliwe. Mkono wake una uvimbe pale sindano zinapoingia, kwa hiyo anachora polepole. Akaanza na Teel: 2026, 2027, 2028, akaendelea hadi 2031, ukingo wa karatasi. Akarudi nyuma akivihesabu visanduku kwa ncha ya penseli.

"Nitakuwa na miaka 82," akasema. "Haya, nisomee anayefuata."