Konsoli inajizima yenyewe? Hesabu dakika kwanza

Konsoli ya michezo ikizimika katikati ya mechi, kila mtu husema imechemka, na anayejiona fundi husema pesti (ule uji mzito unaopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye chuma cha kuipoza) imekauka. Inawezekana. Lakini kabla hujashika bisibisi, chukua saa. Iache konsoli imezimwa saa mbili ipoe kabisa, iwashe, ingia kwenye mchezo mzito, uone inadumu dakika ngapi. Muda huo unaeleza ugonjwa uko wapi kuliko rangi ya taa au kelele za feni.

Sababu ni hii. PS5 (PlayStation 5 ya Sony) ikiwa kwenye mchezo mzito hula karibu wati 200, na umeme huo karibu wote huishia kuwa joto, sehemu kubwa ikitoka kwenye chipu moja unayoweza kuifunika kwa vidole viwili. Joto hupita kwenye pesti (au metali ya kimiminika, kwa PS5), likaingia kwenye hitisinki, yaani lile pande la chuma lenye mapezi membamba, kisha feni inalisukuma nje. Mapezi yakizibwa na vumbi, chuma hicho bado kina uzito wa kutosha kubeba joto kwa muda kabla ya kujaa, kwa hiyo konsoli huchukua dakika ishirini, thelathini, hata saa nzima ndipo ilalamike. Chipu isipogusana vizuri na chuma, joto halina pa kwenda. Chipu yenyewe ni ndogo, hupanda haraka mno, na ndani ya dakika mbili hadi tano mambo yamekwisha. Feni iliyokufa huangukia katikati: menyu inaweza kwenda vizuri, mchezo ukipamba moto inazima.

Na ikizima sekunde chache tu baada ya mchezo kuanza, ghafla kama mtu aliyechomoa plagi, bila onyo lolote kwenye skrini? Hapo acha habari ya joto, nenda kwenye umeme. PS4 iliyochemka kwa kawaida huandika kwenye skrini kwamba joto limezidi, na PS5 na Nintendo Switch nazo huonya. Kuzimika kimya kimya, hasa mchezo unapohitaji nguvu nyingi kwa mara moja, ni tabia ya pawa saplai (boksi la ndani linalobadilisha umeme wa ukutani uifae konsoli) iliyochoka au ya umeme unaoingia vibaya. Chomoa kwenye ekstensheni, chomeka moja kwa moja ukutani, badilisha waya wa umeme, jaribu tena. Ikiendelea, mtuhumiwa ni pawa saplai.

Kuna na zile zinazosingiziwa. Picha ikipotea lakini sauti na feni zinaendelea, tazama waya na tundu la HDMI, yaani ule unaopeleka picha kwenye TV. Mchezo ukiganda huku konsoli ikibaki imewaka, huenda ni diski ya ndani inayohifadhi michezo inayokufa. Na feni kunguruma ukifungua ramani au menyu ya mchezo si ugonjwa: baadhi ya michezo haiwekewi kikomo cha picha kwa sekunde kwenye kurasa hizo, basi chipu hukimbia bure kwa kasi yake yote.

Sasa jaribio la mkono, ambalo halihitaji kifaa chochote. Baada ya dakika kumi na tano za mchezo weka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa. Hewa ikitoka moto na kwa nguvu, mfumo unafanya kazi yake. Watu hushtuka wakiona upepo wa moto juu ya Xbox Series X, lakini ndivyo ilivyoundwa, feni iko juu na inapuliza kwenda juu. Moto lakini dhaifu: mapezi yamezibwa au feni imechoka. Kali lakini ya uvuguvugu tu, huku konsoli ikidai imechemka: joto halifiki kwenye hitisinki, na hapo ndipo pesti inapoingia kwenye hesabu. Hiyo hali ya tatu ndiyo pekee inayonishawishi kufungua konsoli hadi kwenye chipu.

Kabla ya kufungua chochote, itoe kabatini. Iweke juu ya meza tupu, si zulia wala kitanda, ukiacha angalau sentimita 10 kutoka ukutani, na cheza mchezo uleule saa nzima. Ikidumu, konsoli haiumwi. Ilikuwa inavuta tena hewa ya moto iliyoitoa yenyewe. Sony inataja joto la chumba kati ya nyuzi 5 na 35 za Selsiasi, na ndani ya kabati lililofungwa 35 hupitwa upesi sana.

Vumbi ni kazi rahisi, ila huharibiwa kwa haraka. Chomoa umeme. PS5 ina vifuniko vinavyotoka kwa mkono, na pembezoni mwa feni kuna matundu mawili ya kukusanyia vumbi; yavute kwa mashine ya kunyonya iliyowekwa nguvu ndogo. PS4 inahitaji bisibisi ya T8 ya usalama, ile yenye tundu katikati ya ncha, kwa skrubu za nyuma ambazo kwenye matoleo ya kwanza zimefunikwa na stika. Ukitumia kopo la hewa, lishike wima, maana likilazwa hutema kimiminika baridi kali. Ifunge feni isizunguke, kijiti cha meno kinatosha. Feni inayozungushwa na upepo hugeuka jenereta, ikarudisha umeme kwenye bodi, na beringi zake hupelekwa kasi ambazo hazikutengenezewa. Puliza kutoka upande wa matundu ya kutolea hewa kuelekea feni, kinyume na njia ya hewa ya kawaida. Mara nyingi utakuta tabaka kama kitambaa kizito limelala mahali feni inapokutana na mapezi. Ukipulizia kutoka upande wa feni, unalishindilia ndani zaidi. Litoe kwa kibanio.

Ukikuta vijinyesi vyeusi mfano wa kahawa ya kusaga, ni mende. Wanapenda pawa saplai kwa sababu ya vuguvugu, na uchafu wao na miili yao vinaweza kuunganisha nyaya na kupiga shoti. Safisha bodi kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke kabisa. Boksi la pawa saplai lenyewe usilifungue. Kapasita kubwa ndani yake inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata plagi ikiwa imechomolewa. Badilisha boksi zima, ukilinganisha namba ya modeli na idadi ya pini, kwa kuwa PS4 za matoleo tofauti hazikubaliani.

Pesti, sasa. Kwa PS4 na Xbox inabadilishwa: futa ya zamani kwa alkoholi hiyo hiyo hadi chipu ing'ae kama kioo, weka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi, lisambaze liwe utando mwembamba unaofunika chipu yote mpaka pembeni. Hapa chipu iko wazi, haina kofia ya chuma, kwa hiyo kona iliyoachwa kavu ni kona itakayoungua. Pesti ikizidi haidhuru sana, inachafua tu. Kinachodhuru kweli ni vile vipande laini vya mpira vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu na vidhibiti vya umeme. Vikichanika, lazima uweke vya unene uleule. Ukiweka cha milimita 2 palipokuwa na cha milimita 1, unainua hitisinki kutoka kwenye chipu, na konsoli iliyokuwa ikidumu nusu saa sasa inazima ndani ya dakika mbili. Ndiyo maana konsoli nyingi hutoka kwenye "sevisi" zikiwa hoi kuliko zilivyoingia. Skrubu za kibano kinachoshikilia hitisinki kaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, ili chuma kishuke sawasawa.

PS5 usiifungue hadi kwenye chipu kama huna sababu nzito. Metali yake ya kimiminika hupitisha umeme. Tone moja likianguka kwenye bodi linaweza kuiua, na likigusa alumini huila. Hata pesti ya kawaida haifai kuwekwa mahali pake kienyeji.

Feni isiyozunguka ina maswali mawili tu: plagi yake imekaa, na inageuka laini kwa kidole? Ikikwaruza, beringi zimekwisha, nunua nyingine. Ikigeuka vizuri lakini imelala, pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kama volti 12 zinafika kwenye kiunganishi. Zisipofika, tatizo ni bodi.

Mtindo wa kuichoma konsoli kwa kikausha nywele, au kuifunga taulo ichemke "ijiunge yenyewe", ulitoka enzi za Xbox 360. Mashine ile ilipoonyesha taa nyekundu mbili ilimaanisha joto limezidi. Tatu, zile zilizoogopwa, zilimaanisha hitilafu ya kifaa kwa jumla. Julai 2007 Microsoft ilirefusha dhamana ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu, kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni moja. Viunganishi ndani ya chipu vilikuwa vikivunjika kwa kutanuka na kusinyaa kila mashine ilipowashwa na kuzimwa. Risasi ya kulehemu viunganishi isiyo na madini ya risasi (ndiyo, jina linachekesha) huyeyuka karibu na nyuzi 217, na taulo halifiki huko hata karibu. Joto hilo hutanua tu viungo vilivyopasuka vikagusana siku chache. Ukiuziwa konsoli "iliyofufuliwa" kwa njia hiyo, umeuziwa wiki mbili.

Baada ya kazi yoyote, ifunge kabisa kabla ya kuijaribu. Wengi huiacha wazi wakidhani itapata hewa zaidi, lakini kwenye PS4 kifuniko ni sehemu ya bomba la hewa: kikitoka, feni inapuliza chumbani badala ya kupitisha upepo kwenye mapezi na pawa saplai. Kisha rudi kwenye mchezo uleule, na saa ileile.